Kwilti ya manyoya kambini kwenye joto: ikikusumbua anzia hapa

Hii ni kwa wanaotumia kwilti nyepesi ya manyoya laini ya bata, ile isiyo na kofia wala zipu ndefu, imekaa kama duveti ila miguuni imeshonwa kama mfuko na upande wa mgongoni iko wazi. Watu wanailaumu sana, mara haina joto, mara ina joto mno, mara imekufa, na ukifuatilia unakuta kwilti yenyewe nzima kabisa, shida iko kwenye kile alicholalia au kwenye maji yaliyoingia ndani ya manyoya bila yeye kujua. Kwa hiyo kila tatizo hapa nimelipanga kuanzia sababu inayokutwa sana kwenda ile ya nadra. Angalia ya kwanza kabla hujarukia ya mwisho, maana ya mwisho mara nyingi inakula hela.

Jambo moja tu la kushika kabla hatujaanza. Manyoya yenyewe hayana joto, yanachofanya ni kushikilia hewa isitembee, na joto ni la mwili wako. Yakibanwa hewa inatoka, yakilowa yanashikana na hewa inatoka. Kwilti nyingi za hali ya joto zina uzito wa kati ya gramu 400 na 600 hivi na zikiwa nzima zinainuka sentimita 3 mpaka 5, sasa kitu chepesi namna hiyo hakina akiba, unyevu kidogo tu unauona usiku huo huo.

Juu kuna joto, mgongo unaganda

Hili ndio linaongoza kwa malalamiko. Mtu yuko Lushoto au Naivasha, kajifunika vizuri, kifua kina joto, ila kiuno na mabega ni kama kalala kwenye saruji. Kwilti haina kitu chini kwa makusudi kabisa, maana manyoya ukiyalalia yanabanwa na hayakusaidii chochote, ndio maana waliozibuni wakaukata upande huo kupunguza uzito, na kazi yote ya chini ikaachiwa mati, yaani kile unachotandika chini na kulalia.

Sababu ya kwanza basi ni mati. Matresi ya kujaza upepo ya kawaida, yasiyo na kitu ndani, ni hewa tupu, na hiyo hewa inazunguka inachukua joto lako inapeleka ardhini. Kwenye mati za kambi kuna namba inaandikwa R, inapima jinsi mati inavyozuia joto lisipite. Matresi tupu ya upepo iko kwenye 1 hivi au chini, mati nyembamba ya povu ile ya kukunja iko kama 2. Pwani R ya 1 mpaka 2 inatosha kabisa, ukipanda milimani tafuta 3 kwenda juu. Namna ya kupima ni rahisi, ukishtuka usiku na baridi ingiza kiganja chini ya nyonga yako, ukikuta mati ni ya baridi wakati kwilti juu yako ni kavu na imeinuka, umeshapata jibu, acha kuhangaika na kwilti.

Ya pili, mati imepungua upepo na nyonga inagusa chini. Kaa katikati yake uone kama unagonga ardhi. Inayopungua polepole ipake maji ya sabuni, mapovu yatakuonyesha tundu lilipo.

Ya tatu inawashangaza wengi, nayo ni kitanda cha kukunja cha kambi, au bembea ya kulalia inayofungwa kwenye miti. Mtu anaona yuko juu ya ardhi atapata joto zaidi, kumbe upepo unapita chini yake usiku kucha. Kitanda cha kukunja kinataka mati juu yake kama ardhi tu, na bembea inataka mati ndani au kwilti nyingine ya kuning'iniza kwa chini.

Kama uko huko huko kambini na huna cha kununua, ongeza kitu kikavu chini ya mati, boksi lililofunguliwa, mkeka, nguo ulizobeba, begi tupu. Na kama unaenda na gari usijitese, kipande cha godoro la sponji la inchi 2 kinafanya kazi kuliko matresi nyingi za bei kubwa, tatizo lake ni ukubwa tu.

Kila nikigeuka upepo unaingia pembeni

Mara nyingi ni mikanda haijafungwa. Kwilti nyingi zinakuja na mikanda miwili myembamba ya kuzungusha kwenye mati, halafu kwilti inachomekwa juu yake, na watu wanaiacha kwenye kifuko wakidhani ni ya kufungia mzigo. Zungusha mmoja usawa wa kifua na mwingine usawa wa nyonga, chomeka, halafu jaribu kugeuka. Usikaze mno, kingo za kwilti zinatakiwa ziingie chini ya mwili kidogo, ukizivuta mpaka zinyooke unaibana kwilti mwilini na manyoya yanakosa nafasi ya kuinuka, hapo unazuia upepo ila unaua joto.

Kama mikanda imefungwa na bado, basi upana. Mtu mwenye mabega mapana au anayelala kiubavu huku kakunja magoti anahitaji kwilti ya upana wa sentimita 140 hivi juu, nyingi nyembamba zina 120 na kidogo. Halafu mati nene ya sentimita 8 au 10 inakuinua, na kile kipande cha kwilti kilichokuwa kishuke mpaka chini kinaishia hewani. Hapa hakuna fundi wa kukusaidia, jaribu kubadili mati kwanza kabla hujabadili kwilti, ni nafuu zaidi. Shingoni kuna kamba ya kubana, hiyo ivute alfajiri, joto jingi linatoka pale kila unapovuta pumzi.

Jioni nachemka, saa kumi alfajiri natetemeka

Kwanza kabisa jasho. Ulilala saa nne ukiwa umejifunika gubigubi wakati hewa bado ina joto, ukatoka jasho, jasho likaingia kwenye manyoya, na ilipofika alfajiri, ambapo baridi huwa kali kuliko muda wowote wa usiku, kwilti yako ilikuwa imeshalowa kwa ndani. Huioni kwa macho, ila ukiishika inakuwa nzito kidogo na inanata kwenye ngozi. Dawa yake ni kuanza usiku ukiwa umejifunika kidogo sana, kiunoni tu, na kuivuta juu kadiri baridi inavyoingia. Ni tabia ya kujifunza, na kwa maoni yangu ndio tabia muhimu kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Pili, mwinuko. Watu wanapanga safari ya "joto" kwa kuangalia hali ya hewa ya mji mkubwa wa karibu. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo ukitoka Tanga mjini umejipunguzia kama nyuzi 9 kabla hata jua halijazama. Naivasha iko karibu mita 1,900, ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200, na huko mwezi wa saba kwilti iliyoandikwa nyuzi 10 kwenye lebo peke yake sikushauri kabisa, beba slipingi begi, ule mfuko wa kulalia unaokuzunguka mwili mzima. Kwilti ile ile ukienda nayo pwani, Saadani au Tiwi, utaikunja uweke pembeni.

Tatu, namba ya kwenye lebo. Kwilti iliyoandikwa nyuzi 10 mara nyingi maana yake ni kwamba kwenye nyuzi 10 utavumilia, sio kwamba utalala kwa raha. Slipingi begi zina kipimo cha kimataifa cha ISO 23537 kinachotenganisha kiwango cha raha na kiwango cha mwisho, ila kwilti nyingi hazipimwi hivyo, mtengenezaji anaweka namba yake mwenyewe. Ongeza nyuzi 5 juu ya namba uliyoandikiwa ndio upange safari.

Halafu kuna vitu vidogo, umelala na njaa, soksi zimelowa, mkojo umekubana na unaogopa kutoka nje. Kula kabla ya kulala, vaa soksi kavu ambazo hujatembea nazo, na nenda chooni. Chupa ya maji moto miguuni inasaidia sana ila iwe chupa ngumu inayofunga vizuri, iviringishe kwenye soksi au kitambaa, usitumie chupa nyembamba ya maji ya dukani, ukiweka maji ya moto inalainika na kifuniko kinaachia, unajikuta umemwaga maji ndani ya manyoya.

ACHA KABISA: usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata dakika tano, hata kama mkaa umeshashika na hautoi moshi. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, inakulaza na huamki. Hivyo hivyo jiko la gesi kwenye hema lililofungwa. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na kuna moto karibu, toeni watu wote nje kwanza kisha mkimbie hospitali, hata anayejisikia nafuu apelekwe.

Na mwenzako akitetemeka sana, mvue nguo zilizolowa, mvalishe kavu, mfunike kichwa, mpe chai ya moto yenye sukari kama yuko macho na anameza vizuri. Akianza kuongea kwa kuvuta maneno, akawa haelewi aliko, au mtetemo ukakata ghafla huku bado ni wa baridi, hapo sio suala la kwilti tena. Ita askari wa hifadhi, msimsugue mikono na miguu, na mumtoe pale apelekwe hospitali.

Nachemka usiku kucha, naloa jasho

Pwani hili ndio tatizo halisi, baridi ni hadithi. Anza kwa kufungua mfuko wa miguuni. Kwilti nyingi za joto zina zipu fupi na kamba kule chini, ukifungua zote inakuwa shuka la kawaida la manyoya, miguu ikitoka nje mwili mzima unapoa. Kama ya kwako imeshonwa moja kwa moja basi igeuze, mfuko uje upande wa kifua na miguu ibaki wazi, au ilaze kiubavu ujifunike kiuno tu.

Inayofuata ni hema lililofungwa. Watu wanafunga madirisha yote kwa kuogopa mbu, wakati neti ya hema ndio kazi yake hiyo. Fungua vitambaa vya nje, acha neti, na kama mvua haipo toa kabisa kile kitambaa cha juu. Mlango uelekeze upepo unakotoka, ufukweni usiku upepo mara nyingi unatoka bara kwenda baharini.

Kuna pia nailoni yenyewe, kile kitambaa cha kwilti, ikigusa ngozi yenye jasho inanata na unajiona kama uko ndani ya mfuko wa plastiki. Weka khanga au kikoi kati yako na kwilti. Pamba inachukua lile jasho, asubuhi unaifua kwa dakika mbili inakauka, na kwilti yako haijaguswa na mafuta ya mwili. Huu ni mpango mzuri hata kwa kuongeza umri wa kwilti. Kama hali ya usiku haishuki chini ya nyuzi 22, hiyo khanga peke yake inatosha, kwilti ibaki kwenye begi.

Ila sasa ukilala miguu nje, mbu wanakuona. Kwilti haizuii mbu pembeni kama slipingi begi inavyoweza kidogo, kwa hiyo kulala nje bila hema kunataka neti ya kuning'iniza iliyochomekwa chini ya mati pande zote. Dawa ya kupaka ipake mapema ikauke kabla hujajifunika. Na ukirudi nyumbani ukapata homa ndani ya wiki moja mpaka mwezi, usisingizie baridi ya kambini, nenda ukapime malaria siku hiyo hiyo.

Asubuhi imelowa kwa juu

Angalia imelowa wapi. Ikiwa ni miguuni tu, inagusa ukuta wa hema, sogea juu au kaa mshazari. Ikiwa ni karibu na mdomo, umelala ukiwa umeingiza uso ndani na unapumulia manyoya, kichwa kikiona baridi vaa kofia, pua ibaki nje. Ikiwa ni yote kwa juu na hema kwa ndani lina matone, hewa haitembei, rudi kwenye yale ya kufungua madirisha. Na kama ulilala nje kabisa, huo ni umande, ufukweni na kando ya ziwa umande ni mwingi sana usiku usio na mawingu, lala chini ya mti wenye majani mengi au tundika hata turubai dogo, tofauti utaiona.

Sababu ya nadra ni ile dawa ya kuzuia maji juu ya kitambaa kuisha. Dondosha tone la maji, likikaa kama ushanga bado iko, likisambaa na kitambaa kikawa cheusi imeisha, na inarudishwa kwa dawa ya kupuliza baada ya kufua.

Kabla ya kuondoka igeuze nje ndani, itandaze kwenye jua nusu saa hivi au saa nzima ya saa sita mchana, igeuzegeuze. Usiitandaze kwenye migunga na vichaka vya miiba, nimeona kwilti nzuri sana ikitobolewa hivyo kwa dakika moja. Usiiache juani siku nzima pia, jua kali linachosha nailoni. Na kama lazima mwondoke alfajiri ikiwa mbichi, iweke begini bila kuibana, mkifika tu iwe kitu cha kwanza kutoka.

Imekuwa bapa, au manyoya yamejikusanya mabonge

Kama umeitoa kwenye kifuko sasa hivi, subiri. Itikise vizuri ukishika kingo mbili, iache nusu saa mpaka saa moja, ndio uihukumu. Wengi wanaikung'uta dakika ya mwisho wakishalala, hapo haijapata nafasi ya kuvuta hewa.

Ikibaki bapa, iinue juu uielekeze kwenye mwanga wa jua na uangalie kila chumba, yaani vile vijisehemu vilivyoshonwa kushikilia manyoya. Ukiona chumba kina kivuli upande mmoja na kitupu upande wa pili, huenda manyoya yamehama tu. Kwilti nyingi zina vyumba virefu vya mlalo visivyo na ukuta katikati, kwa hiyo yanakimbilia pembeni, ilaze chini na uyasukume kwa kiganja taratibu kurudi katikati. Ukiona mabonge magumu madogo kama punje, huo ni unyevu au mafuta. Na ukiona manyoya yametoka chumba kimoja yakarundikana kwenye cha jirani, ukuta wa ndani umekatika, hilo la fundi.

Mafuta ya mwili, losheni, mafuta ya jua, vumbi, vyote vinaingia taratibu na manyoya yanashindwa kufunguka. Dawa ni kufua, na hapa ndipo wengi wanaziulia, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Usitumie sabuni ya unga, jiki, wala dawa ya kulainisha nguo. Sabuni za unga zinakwangua mafuta ya asili yanayoyafanya manyoya yawe na uhai, na dawa ya kulainisha inayapaka kitu kinachoyashikanisha. Tafuta sabuni maalum ya manyoya, Nikwax wanatengeneza moja, na ukikosa tumia kidogo sana sabuni ya maji isiyo kali. Mashine iwe ya kupakia kwa mbele, zile zenye mnara katikati zinachana kuta za ndani.

Kwa mkono, jaza beseni kubwa au bafu maji ya vuguvugu, changanya sabuni, ingiza kwilti ikiwa ndani ya kifuko chake ili isielee na hewa, kisha itoe humo humo majini. Ikanyage kanyage kwa viganja, usisugue, usikamue kwa kusokota. Suuza mpaka maji yatoke bila povu kabisa, ni mara nyingi kuliko unavyofikiri, sabuni ikibaki ndani inafanya kazi ile ile ya mafuta. Halafu angalia hapa, kwilti iliyolowa ni nzito mara kadhaa ya ilivyokuwa na manyoya yote yameshuka upande mmoja, ukiivuta kwa kona unasikia kuta za ndani zikikatika. Ipakate kwa mikono yote miwili kutoka chini kama mtoto mchanga, iweke juu ya taulo, ibonyeze maji yatoke.

Kukausha ndio kazi yenyewe. Mwenye draya aweke moto mdogo kabisa na mipira miwili mitatu ya tenisi, saa tatu au zaidi, aangalie mara kwa mara maana nailoni nyembamba inayeyuka. Asiye na draya, ambao ndio wengi wetu, aitandaze bapa juu ya neti au mkeka kivulini penye upepo, asiitundike kwenye kamba ikiwa bado mbichi. Kila baada ya saa moja au mbili ikatafute mabonge kwa vidole, kila bonge ulivunje taratibu mpaka lifunguke. Mwanzoni zinaonekana kama karatasi iliyolowa na unaweza kudhani umeshaiharibu, usikate tamaa, inachukua siku mbili tatu na inarudi. Usifue msimu wa masika, itaoza kabla haijakauka. Na ukidhani imekauka, iache siku nzima zaidi, katikati ya bonge unyevu unakaa muda mrefu.

Ukiipeleka kwa dobi, muulize kwanza kama anafua vitu vya manyoya na kwa sabuni gani, na mwambie wazi asipige pasi wala asitumie dawa za draiklini. Akisita, ondoka nayo.

Sababu nyingine ya ubapa ni kuhifadhi. Kuiacha miezi ndani ya kile kifuko kidogo inavunja manyoya. Nyumbani ikae kwenye foronya kubwa ya pamba au itundikwe kabatini.

Na kuna za mitumba. Gikomba, Karume, Memorial pale Moshi, kwilti na duveti nzuri zinapatikana, ila ibane kwa mikono miwili uiachie, ikirudi juu polepole bila kukwama ni nzima, ikibaki na alama za vidole ina unyevu au imekufa. Soma lebo. Manyoya laini yanaandikwa down kwa Kiingereza na Daunen kwa Kijerumani, Federn ni manyoya magumu yenye mishipa, na ukiona polyester basi hakuna bata humo, sio mbaya, tena inavumilia maji zaidi, ila usiilipie bei ya manyoya. Namba kama 90/10 ni asilimia 90 laini na 10 magumu. Duveti ya kitandani yenye kitambaa cha pamba usiibebe mgongoni, ni nzito na pamba inanyonya umande wote.

Manyoya yanatoka

Moja moja kwenye mishono ni kawaida, hasa ikiwa mpya. Ukiona kijiti kimechomoza usikivute, kila unachokivuta kinafungua njia kwa wenzake. Shika kitambaa cha upande wa pili, kivute kijiti kirudi ndani, kisha sugua pale kwa kidole tundu lijifunge.

Yakitoka mengi sehemu moja, kuna tundu, na kambini mara nyingi ni cheche ya moto, maana nailoni inayeyuka mara tu cheche ikitua. Kaa mbali na moto ukiwa umejifunika, jifunike shuka la Kimasai huko. Kuziba, safisha kwa spiriti, acha ikauke, bandika kiraka cha tepu ya nailoni ya kurekebishia mahema, pembe zake uzikate mviringo zisinyanyuke. Tepu ya fedha ile ya mabomba itashika leo, kesho inaacha gundi na kiraka cha kweli hakishiki tena.

Mshono ukifunguka kwa urefu wa kidole au zaidi, au ukuta wa ndani umekatika, acha, peleka kwa fundi. Ila sio fundi yeyote. Mafundi wengi wana sindano namba 14 au 16 kwenye cherehani, ikipita kwenye nailoni nyembamba inaacha mstari wa matundu ambayo manyoya yatatokea hayo hayo. Mwombe atumie namba 9 na uzi mwembamba wa polista, akuonyeshe kwanza kwenye kipande kingine. Moshi na Arusha, wanaotengeneza vifaa vya wapanda mlima wanaijua kazi hii vizuri.

Inanuka

Harufu ya bata ikiwa imelowa na ikaisha ikikauka ni kawaida. Harufu ya jasho inataka kufuliwa. Harufu ya ukungu, ya chumba kilichofungwa, maana yake ilihifadhiwa mbichi, ifue haraka na ikaushe kikamilifu. Ikirudi baada ya kufuliwa mara mbili, au ukiona madoa meusi ndani ya vyumba ukiielekeza juani, usihangaike nayo na usimpe mtoto aitumie.

Napiga chafya nikijifunika

Mara nyingi sio manyoya, ni vumbi na wale wadudu wadogo sana wa vumbi wanaokaa kwenye matandiko yaliyohifadhiwa muda mrefu, hasa ya mitumba. Ikung'ute nje, ifue, tumia khanga ndani, watu wengi wanapona hapo. Ukiendelea kupiga chafya na iko safi, jaribu ya polista usiku mmoja ulinganishe. Kifua kikibana, pumzi ikapiga miluzi, au midomo na uso vikavimba, itoe hemani, mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta, na aende hospitali usiku huo huo bila kusubiri kupambazuke.